Ubao, Rangi na Sauti: Sanaa Inayoenzi Sinema za Mapigano za Hong Kong Nchini Tanzania, Ikitazamwa Kutoka Mji wa Barabarani wa Shelui

Utangulizi

Shelui ni mji mdogo katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Msafiri anayetoka Singida kuelekea Nzega huufikia baada ya kuteremka kona za Mlima Sekenke, na mbele yake hufunguka mbuga za Wembere. Eneo hili linajulikana kwa dhahabu iliyoanza kuchimbwa Sekenke enzi ya Wajerumani. Dhahabu hiyo ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, wakati wa vita. Siku hizi wachimbaji wadogo, wakulima, wafugaji na madereva wa malori yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi hukutana hapo kwa chakula, mafuta na usingizi mfupi. Mji wa namna hii hauna jumba la sinema. Kazi ya jumba la sinema hufanywa na kibanda umiza: chumba cha mabati au matofali, mabenchi, runinga moja, na nje ya mlango ubao wa chaki.

Makala hii inafafanua sanaa ambayo wapitaji wengi huiona bila kuihesabu kuwa sanaa, yaani picha za kuchorwa, maandishi ya ubaoni na masimulizi ya mdomo yanayoenzi sinema za mapigano za Hong Kong. Shelui inatumika hapa kama mahali pa kusimama na kutazama. Haikuteuliwa kwa upekee wake. Miji ya aina yake imetapakaa kando ya barabara kuu kutoka Morogoro hadi Kanda ya Ziwa, na vibanda vyake vinafanana. Hoja inayojengwa ni kwamba nchini Tanzania sanaa hii iliegemea kwenye sauti kuliko kwenye rangi, na kwamba kwa sababu hiyo imebaki nje ya kumbukumbu ambazo ulimwengu umejiwekea kuhusu sanaa ya sinema barani Afrika.

Suala la jina na lugha

Watazamaji wa Tanzania hawakuziita filamu hizi za Kikantoni. Waliziita picha za Kichina, picha za kung fu, au picha za Bruce Lee, hata pale ambapo Bruce Lee mwenyewe hakuwamo. Katika uchambuzi wa kitaaluma, hata hivyo, suala la lugha haliwezi kupuuzwa. Sinema ya mapigano kwa Kikantoni ilipata umbo lake mwaka 1949, pale Kwan Tak-hing alipoanza kuigiza nafsi ya Wong Fei-hung, mganga na bingwa wa mapigano wa jimbo la Guangdong. Baadaye kampuni ya Shaw Brothers ilitawala soko kwa filamu za Kimandarini, na hata The Big Boss (1971) na Fist of Fury (1972), zilizompa Bruce Lee jina barani Asia, zilitoka kwa Kimandarini. Enter the Dragon (1973) ilitengenezwa kwa Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 filamu za Kikantoni zilikuwa karibu kutoweka, na inakubalika kwa jumla kwamba The House of 72 Tenants ya mwaka 1973, ambayo ni kichekesho kisicho na mapigano ya kung fu, ndiyo iliyoirudisha lugha hiyo kwenye majumba ya Hong Kong.

Kuna jambo la kiufundi lenye uzito zaidi kwa makala hii. Kwa miongo kadhaa filamu nyingi za Hong Kong zilipigwa bila kurekodi sauti za waigizaji papo hapo. Mazungumzo, vishindo vya ngumi na mlio wa nguo inayopasua hewa vilipachikwa baadaye studioni, na mara nyingi aliyetoa sauti hakuwa yule aliyeonekana. Filamu moja ingeweza kuwa na sauti ya Kikantoni kwa Hong Kong, ya Kimandarini kwa Taiwan na ya Kiingereza kwa masoko ya mbali. Kwa hiyo yale midomo isiyolingana na maneno, yanayochekwa sana na wahakiki wa Magharibi, yalikuwamo tangu kiwandani. Filamu hizi zilizaliwa zikiwa miili inayosubiri sauti. Mtafsiri wa Kiswahili aliyekuja kuweka sauti yake juu ya mwili wa Jackie Chan hakuvunja kazi iliyokamilika. Aliongeza tabaka moja juu ya mengine.

Njia mbili za China

Watanzania wa miaka ya 1960 na 1970 waliijua China kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ilikuwa ya serikali: kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na vijana waliopelekwa China kujifunza sarakasi na kurudi kuunda kikundi cha taifa. Njia ya pili ilikuwa ya sinema, na chimbuko lake halikuwa Beijing bali Hong Kong, koloni la Uingereza hadi mwaka 1997. Kinaya hiki hakikuwasumbua watazamaji. Mchina waliyemwona akijenga reli na Mchina waliyemwona akiruka ukuta walikuwa kwao jamaa moja.

Laura Fair, katika utafiti wake wa mwaka 2018 kuhusu watazamaji na wafanyabiashara wa sinema Tanzania, anaonyesha jinsi filamu za kung fu zilivyowavuta vijana wa mijini katika miaka ya 1970. Wakati huo uingizaji wa filamu ulikuwa chini ya shirika la umma, Tanzania Film Company, lililoanzishwa mwaka 1968, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka udhibiti wa maonyesho. Si vigumu kuelewa kilichowagusa. Katika Fist of Fury kuna bango kwenye lango la bustani mjini Shanghai linalowazuia Wachina na mbwa kuingia. Shujaa analipiga teke na kulivunja. Kwa watu waliopata uhuru mwaka 1961, na ambao wazee wao waliyakumbuka mahali palipotengwa kwa ajili ya Wazungu, tukio hilo halikuhitaji maelezo.

Bara la ndani lilisubiri. Runinga Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa miji kama Shelui filamu zilikuja kwa mikanda ya video, kisha kwa santuri za VCD na DVD, zikipita barabara ileile ya malori. Wengi walikutana na Bruce Lee akiwa amekwisha kufa zamani, kwani alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na umri wa miaka 32. Hilo halikumpunguzia chochote.

Mwili unaotambulika kwa mistari michache

Mchoraji wa mabango katika mji wa barabarani hufanya kazi za kila namna. Huandika jina la duka la dawa, huchora kichwa kilichonyolewa mbele ya kinyozi, huchora sahani ya wali mbele ya hoteli, na akiombwa huweka mpiganaji kwenye ukuta wa kibanda cha video, jimu au klabu ya karate. Rangi yake ni ya dukani, ya mafuta, ya makopo madogo. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vilevile rangi zisizokusudiwa kwa wasanii, yaani za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za viwandani. Tofauti ni kwamba Tingatinga alipata wanunuzi wageni na jina lake likawa jina la mtindo, ilhali mchoraji wa ukutani hulipwa mara moja na ukuta ukipakwa upya kazi yake imekwisha.

Bruce Lee humfaa mchoraji wa aina hii kwa sababu anatambulika kwa alama chache. Mikwaruzo kwenye shavu na tumbo, aliyoipata katika pambano la mwisho la Enter the Dragon, huchorwa kwa mistari mitatu ya rangi nyekundu. Vazi la manjano lenye mstari mweusi ubavuni, alilovaa katika Game of Death iliyotoka mwaka 1978 baada ya kifo chake, huhitaji rangi mbili tu. Ongeza nanchaku, yale magongo mawili yaliyounganishwa kwa mnyororo, na nywele zinazofunika paji la uso, na hata sura ikikosewa kabisa mtu hamkosei. Kwa istilahi za uhakiki, hii ni taswira inayobebwa na alama badala ya ufanano. Jackie Chan ni mgumu zaidi. Utambulisho wake umo katika mwendo na uchekeshaji, katika namna anavyoanguka vibaya na kuinuka kwa haraka, na ukuta hauwezi kuonyesha kuanguka. Anapochorwa, jina huandikwa chini yake, na jina lililoandikwa chini ya picha ni ungamo la mchoraji.

Hong Kong yenyewe ilikuwa na wachoraji wake. Yuen Tai-yung, aliyechora mabango zaidi ya 200, likiwamo la kichekesho The Private Eyes (1976), alitumia vichwa vikubwa juu ya miili midogo ili nyuso za waigizaji zisomeke kutoka mbali. Mabango ya karatasi ya namna hiyo yalikusudiwa majumba rasmi ya sinema. Kibanda cha Singida kilipokea, kwa bahati nzuri, jalada la kasha la mkanda, tena nakala ya nakala.

Ndiyo maana ubao wa chaki unastahili kutazamwa kwa makini. Una saa ya onyesho na jina la filamu lililoandikwa jinsi lilivyosikika masikioni, si jinsi lilivyochapishwa. Si ajabu kukuta jina la mtafsiri likiwa kubwa kuliko jina la filamu, wakati mwingine likiwa limezungushiwa mstari. Mwenye kibanda anawajua wateja wake: wanalipia sauti wanayoifahamu. Ubao huo, kwa hiyo, ni ushahidi wa nani anahesabiwa kuwa mtunzi wa onyesho.

Mtafsiri kama fanani

Neno kutafsiri halielezi vya kutosha kinachofanyika. Mtafsiri hupunguza sauti ya filamu na kuzungumza juu yake mwanzo hadi mwisho, akiwa msimulizi, waigizaji wote na wakati mwingine mtazamaji anayeshangaa. Katika miaka ya video za awali kazi hii ilifanywa ana kwa ana kando ya runinga. Baadaye ilirekodiwa kwenye mikanda na kusambazwa. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, ni miongoni mwa waliotangulia kujulikana kwa kazi hiyo Dar es Salaam, na mwanaanthropolojia Matthias Krings ameiandika habari yake katika utafiti kuhusu namna Waafrika wanavyojitwalia kazi za kigeni. Nchini Kenya DJ Afro alijenga hadhira kubwa kwa mtindo wa ucheshi. Nchini Uganda wenye kazi hiyo huitwa VJ na hutumia Kiganda.

Wataalamu wa fasihi simulizi wana istilahi zinazofaa hapa: fanani, hadhira, jukwaa, utendaji. Fanani wa ngano huwa na kiunzi cha hadithi kinachojulikana na hubadilisha maneno kulingana na waliomzunguka. Kiunzi cha mtafsiri ni filamu yenyewe, isiyosimama wala kurudi nyuma, na hapo ndipo ustadi unapopimwa, kwa kuwa lazima amalize sentensi kabla ngumi haijafika. Majina ya Kichina huachwa na nafasi yake kuchukuliwa na uhusiano. Mhusika mkuu ni stelingi. Bingwa mzee ni babu au mwalimu. Mji wa mbali huweza kuitwa kwa jina la mtaa unaojulikana. Methali huingizwa panapokuwa na ukimya.

Filamu ya Drunken Master (1978) inaonyesha kwa nini mbinu hii hukubali kirahisi. Kijana mtukutu, ambaye ni Wong Fei-hung yuleyule wa Kwan Tak-hing lakini akiwa bado hajatulia, anamwaibisha baba yake na kupelekwa kwa mzee mlevi ili afunzwe adabu na mapigano. Mafunzo ni mateso matupu. Jamii yoyote inayojua jando, au inayompeleka mtoto mkaidi kwa mjomba, imeshaisikia hadithi hii. Katika The 36th Chamber of Shaolin (1978), mwanafunzi wa utawa hubeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa huku visu vikiwa vimefungwa mikononi, asiweze kuishusha bila kujichoma ubavuni. Singida ni mkoa wenye ukame. Kijana anayebeba ndoo za maji kwa shida si taswira ya kigeni, na mtafsiri mwenye akili hapo hunyamaza kidogo. The Big Boss nayo inasimulia kibarua mgeni katika kiwanda cha barafu ambako wafanyakazi wenzake wanatoweka mmoja mmoja na mwajiri hatoi jibu. Maneno anayowekewa mwajiri huyo mbele ya wachimbaji wa dhahabu huwa yamechaguliwa.

Ikilinganishwa na kazi hiyo, tafsiri rasmi ina sura nyingine. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kila mhusika alikuwa na sauti yake na maneno yalifuata midomo. Ni kazi nadhifu. Lakini sauti hizo zilijificha nyuma ya wahusika, kama inavyotakiwa katika taaluma hiyo, ilhali mtafsiri wa kibandani hajifichi hata kidogo.

Turubai la Ghana na mkanda wa Tanzania

Anayetafuta sanaa ya Kiafrika inayoenzi filamu za mapigano katika vitabu na maghala ya sanaa hukutana kwanza na Ghana. Huko, kuanzia miaka ya 1980, wenye video za kuzunguka na jenereta waliwaagiza wachoraji mabango ya rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Wachoraji hawakubanwa na ukweli wa filamu. Waliongeza nyoka, damu na silaha ambazo hazikuwamo, kwa kuwa kazi ya bango ilikuwa kumvuta mtu kutoka kitongoji cha jirani. Leo mabango hayo huuzwa kwa wakusanyaji, na huko Chicago ipo nyumba ya sanaa, Deadly Prey Gallery, inayoshughulika nayo.

Uganda ina mfano wa aina nyingine. Isaac Nabwana alikulia Wakaliga, Kampala, akizijua filamu za mapigano kwa kusimuliwa na kaka zake waliokuwa wakienda kuzitazama. Kampuni yake, inayojulikana ulimwenguni kama Wakaliwood, ilitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, yenye kung fu, bunduki za kuchomelea na sauti ya VJ Emmie ikiwa imerekodiwa ndani ya filamu yenyewe. Huenda hakuna ushahidi bora zaidi wa hoja ya makala hii: mtengenezaji aliyeipokea sinema kwa masikio alipotengeneza yake hakuweza kumwacha msimulizi nje. Tanzania nayo ilikuwa na watengenezaji wa mapigano, kama Jimmy Mponda wa Misukosuko, lakini soko la Bongo Movie lilielekea zaidi kwenye visa vya mapenzi na familia.

Tofauti kati ya Ghana na Tanzania haikutokana na wachoraji kukosa kipaji. Turubai la Ghana lilikunjwa, likapakiwa garini na kusafiri na onyesho. Lilipochakaa lilibaki kitu chenye umbo, kinachoweza kununuliwa na kutundikwa. Ukuta wa Tanzania haukusafiri na chaki haikudumu hadi jioni. Kilichosafiri kilikuwa mkanda wenye sauti, na mkanda hautundikwi ukutani. Historia ya sanaa iliyoandikwa kwa kufuata vitu vinavyoweza kuuzwa iliipata Ghana na kuipita Tanzania, na kasoro hiyo inaendelea kurithishwa katika orodha za maonyesho.

Kikwazo cha sheria

Mikanda hiyo ina tatizo ambalo turubai halina. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya kutafsiri na kurekebisha kazi ni ya mwenye kazi. Mtafsiri hakuomba ruhusa Hong Kong, na mwenye kibanda hakununua leseni ya kuonyesha. Waigizaji wa ndani nao wana malalamiko ya haki kuhusu soko lililojaa nakala za kigeni za bei ya chini. Kwa maktaba ya chuo kikuu, kupokea mkusanyo wa filamu zilizotafsiriwa ni kupokea kazi ambazo hadhi yake kisheria ni ya mashaka, na wakutubi hawawezi kulaumiwa kwa kusita. Matokeo yake ni kwamba utanzu mzima wa Kiswahili cha kusema, wenye wasanii waliojulikana kwa majina na hadhira iliyowachagua, umehifadhiwa na wafanyabiashara na kwa bahati. Utando wa sumaku wa mkanda wa VHS hupukutika. Mashine za kuuchezesha zimekuwa adimu. Filamu sasa huingizwa kwenye simu na kadi za kumbukumbu katika vibanda vya stesheni na maduka ya vifaa, na faili likijaa hufutwa.

Njia moja inayowezekana ni kutenganisha sauti na picha. Masimulizi ya mtafsiri yanaweza kunukuliwa kwa maandishi na kuhifadhiwa kama matini ya fasihi simulizi, pamoja na mahojiano yake, bila kurudufu filamu. Hasara yake ni kubwa, maana ukimya wa mtafsiri na kasi ya sauti yake havieleweki bila ngumi inayoonekana. Hata hivyo, ngano nyingi za Wanyiramba na Wasukuma zimehifadhiwa kwa hasara hiyohiyo, bila uso wa msimulizi wala vicheko vya waliomsikiliza, na zinasomwa. Kuhusu mabao na kuta, kamera ya simu inatosha, ili mradi tarehe, mahali na idhini ya mwenye kibanda viandikwe.

Picha hizo zipigwe mchana. Jioni yenye mechi ubao hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na mahali palipokuwa na jina la filamu na la mtafsiri huandikwa Simba na Yanga.